Siku Isiyo na Chakula: Usalama wa Vidonge vya Kisukari cha Aina ya Pili

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu



Naomba nianze na mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, aliyeletwa zahanati alfajiri akiwa amelowa jasho na anatukana watu. Hakuwa mtu wa matusi. Nyumbani walidhani malaria imempanda kichwani. Jirani akasema ni majini. Alipotobolewa kidole, kipimo cha sukari kilisoma milimoli 1.9 kwa lita. Mkwewe akaeleza: jana yake mzee hakuwa na hamu ya kula, jioni alikunywa chai ya rangi tu, ila dawa alimeza, maana aliambiwa isikose hata siku moja. Usiku alipoanza kutetemeka, mkewe alitaka kumkorogea sukari. Wanawe wakamkataza: mgonjwa wa sukari hapewi sukari.

Familia ile ilitii kila ilichoambiwa. Sisi watoa huduma ndio tuliowaambia nusu.

Dozi iliyoandikwa kwenye cheti imepimwa kwa siku ya kawaida, siku ya mlo na ya afya. Madhara makubwa ya vidonge hivi huja siku inapobadilika: siku ya kufunga, ya homa, ya kuharisha, ya safari ndefu, au siku ambayo jikoni hakuna kitu. Siku imebadilika, lakini mkono unachukua vidonge vilevile.

Vidonge viwili, tabia mbili

Wagonjwa wetu wengi hutumia metformini, glibenklamidi, au zote mbili. Kwa mgonjwa zote ni "dawa ya sukari", na mara nyingi zimo katika mfuko mmoja wa kaki. Lakini hazifanyi kazi moja.

Metformini hupunguza sukari inayomwagwa na ini na kuusaidia mwili kuitikia insulini yake. Ikitumika peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kero yake ni tumbo: kichefuchefu, kuharisha, ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo maana huanzwa kidogo, kwa kawaida miligramu 500, pamoja na chakula, kisha ikaongezwa polepole. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba tumbo huwa linatulia, la sivyo ataiacha wiki ya kwanza na hatawaambia. Aina inayoyeyuka polepole isisagwe wala kutafunwa.

Hatari yake ipo kwenye figo, kwa sababu ndizo zinazoitoa mwilini. Mtu akitapika na kuharisha hadi akaishiwa maji, figo hulegea, dawa hurundikana, na damu inaweza kujaa asidi ya laktiki. Ni nadra, lakini huua. Siku ya namna hiyo metformini isimame, mgonjwa anywe maji kwa wingi, afike kituoni, na airudie atakapokuwa anakula na kunywa vizuri.

Glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil, huikamua kongosho itoe insulini. Huikamua chakula kikiwepo na kisipokuwepo. Kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi saa 24, na kwa mtu ambaye figo zake zimechoka hukaa zaidi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliweka gliklazidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na kueleza kwamba glibenklamidi haiwafai watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo bado inatolewa sana kwa wazee wetu, kwa kuwa ni ya bei nafuu na inapatikana. Mimi naona kila mzee anayeimeza anastahili kurudishwa kwa daktari ili aulizwe upya kama bado inamfaa.

Jambo moja la haraka kuhusu dozi iliyosahauliwa: isifidiwe kwa kumeza mara mbili. Na shemeji asipewe kidonge cha mama mkwe kwa sababu tu naye "ana sukari".

Sukari inaposhuka

Chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni hatari. Kwenye vipimo vinavyosoma kwa miligramu, ni chini ya 70. Dalili ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kisha maneno kuchanganyika, ukali usio wa kawaida, kuzirai. Huku kwetu dalili hizo huitwa malaria, ulevi au mashetani, na muda unapotea.

Mgonjwa akiwa anaweza kumeza, akorogewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au anywe nusu chupa ya soda ya kawaida. Mandazi na karanga havitoshi kwa wakati huo, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, apewe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezirai asimiminiwe kitu mdomoni; akimbizwe hospitali.

Kama hakuna kipimo nyumbani, apewe sukari bila kusita. Glasi moja ya maji ya sukari haitamdhuru sana hata kama sukari yake ilikuwa juu, lakini sukari iliyoshuka inaweza kumwua kabla hakujapambazuka. Wanafamilia wengi wamefundishwa kuiogopa sukari tu, na nadhani fundisho hilo linahitaji kusahihishwa nyumba kwa nyumba.

Mzee yule aliwekewa dripu ya sukari, akaamka, akaomba msamaha kwa matusi. Wanawe wakataka kuondoka naye. Saa tatu baadaye alizama tena, kwa kuwa glibenklamidi ilikuwa bado inafanya kazi. Aliyeshuka sukari kwa dawa hii abaki chini ya uangalizi, hata akisema amepona.

Rajabu, si Ramadhani

Pwani yetu wagonjwa wengi hufunga, na wapo wanaofunga ingawa dini imewapa ruhusa ya kula. Tukiwakataza kwa ukali, watafunga kimyakimya. Afadhali waje kliniki mwezi wa Rajabu, wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, ili daktari apime figo na kupanga dawa upya.

Kwa kawaida anayemeza metformini mara mbili kwa siku huihamishia futari na daku. Anayemeza mara tatu huunganisha dozi ya mchana na ya futari. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa; ikiwezekana daktari aibadilishe kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa asiamue mwenyewe kumeza vidonge vyote vya siku wakati wa daku, kwani vitamkuta alasiri akiwa tumbo tupu. Masheikh wengi wanakubali kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Washirikisheni walitamke msikitini. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6, mgonjwa afungue hapohapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi.

Dawa nyingine mfukoni

Septrin na kwinini zinaweza kuishusha sukari zaidi kwa anayemeza glibenklamidi. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu. Dolutegravir, iliyomo kwenye dawa za VVU zinazotumika sana sasa, huongeza metformini kwenye damu, na kwa anayeimeza, kwa kawaida metformini haipaswi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Kwa hiyo muulizeni mgonjwa dawa zake zote, faragha, bila kumtia aibu.

Muulizeni pia kuhusu uwatu, mshubiri na karela. Wengi huvitumia pamoja na vidonge, na wakikaripiwa mara moja hawatasema tena. Kuhusu unga na vidonge visivyo na jina, kumbukeni Singapore mwaka 2008: watu wapatao 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka, wengi wao baada ya kumeza dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizochanganywa glibenklamidi kwa siri. Wanne walifariki.

Ndugu washiriki, ombi langu ni dogo. Kabla ya kukabidhi pakiti, ulizeni, "Mzee wangu, leo umekula nini?" Kisha mwiteni anayempikia nyumbani. Huyo ndiye anayejua sahani iliporudi jikoni imejaa. Mwambieni kwamba siku hiyo glibenklamidi isimezwe kwanza, sukari ipimwe, na kituo kiulizwe. Mpeni namba ya simu ya kituo, iandikwe juu ya mfuko wa dawa.