Kiuno kikiuma, shingo nayo ipimwe

Mwaka 1977 daktari wa upasuaji wa mifupa, Stephen Eisenstein, alichapisha vipimo vya zaidi ya pingili 2,000 za kiuno, za Waafrika na Wazungu wa hapa Afrika Kusini. Alitaka kujua mfereji wa uti wa mgongo ukifinyika kiasi gani ndipo huwa maradhi. Swali hilo lingali linawagusa wazee wengi wanaopanga foleni katika hospitali za Johannesburg.

Mfereji huo hufinywa na uzee: visahani kati ya pingili husinyaa na kutokeza, mifupa na kano huvimba. Wako pia waliozaliwa nao mwembamba.

Kiunoni, mgonjwa hutembea kidogo, miguu ikauma na kufa ganzi. Akiinama juu ya kigari cha dukani, hupata nafuu, kwa kuwa kuinama huutanua mfereji. Hali hii yaweza kuvumiliwa miaka mingi. Baiskeli ya mazoezi, kuimarisha misuli ya tumbo na kupunguza uzito husaidia. Dawa za maumivu zitumiwe kwa hadhari, maana baadhi yake hudhuru tumbo na figo. Upasuaji hufikiriwa pale mwendo unapokuwa mfupi mno.

Shingoni mambo ni mengine kabisa. Kiunoni zimebaki neva zilizotawanyika. Shingoni hupita kamba nzima itokayo kwenye ubongo. Ikibanwa, huenda pasiwe na maumivu yoyote. Vidole hushindwa kufunga vifungo, sarafu huponyoka, miguu hukakamaa. Hapa subira ni hatari, kwani upasuaji aghalabu huzuia madhara yasizidi, wala haurudishi kila kilichopotea. (Na vinyozi wanaomalizia kazi kwa kuzungusha shingo ya mteja hadi ilie, wakataliwe kwa adabu.)

Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili, akatibiwa kiuno huku shingo ikiharibika. Kwa hiyo mgonjwa ataje habari za mikono yake siku ya kwanza, kwani foleni ya kipimo cha MRI katika hospitali za umma ni ndefu, na dalili hizo humpa daktari sababu ya kumsogeza mbele.

Mkojo ukiziba ghafla, au sehemu za siri zikifa ganzi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.