Kupanda Kilima Kabla ya Jua: Tuliyoyaona Nepal

Mazungumzo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, yaliyoandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Vikundi kadhaa vilivyo karibu na vilima vimekuwa vikituuliza swali moja. Je, kweli mtu anaweza kutoka kwao, akalipa pesa, ili aamshwe saa kumi usiku na kupandishwa mlimani kwenda kuangalia jua likitoka? Jua ambalo hata kwake linatoka bure?

Ndiyo, anaweza, tena wako wengi. Sisi tuliokwenda Nepal tulikuwa wanne, na tumewaona kwa macho yetu. Lakini tusiharakishe kuhesabu pesa za wageni kabla ya kujua pesa hizo zinaingia mfuko wa nani. Hapo ndipo penye kazi, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Nepal iko kati ya India na China. Haina bahari. Milima mirefu kuliko yote duniani iko kule, lakini wageni wengi hawaendi kwenye barafu. Wanatembea chini yake, kwenye vilima vyenye mashamba ya ngazi, ng'ombe, shule na nyumba za watu. Kimoja kinaitwa Poon Hill, kwa jina la Wapun, ukoo wa kabila la Wamagar wanaoishi hapo. Urefu wake ni mita 3,210. Wao wanakiita kilima! Longonot yetu ni mita 2,776, na sisi tunauita mlima. Basi kila mtu na kipimo chake.

Safari yenyewe ni fupi, siku tatu au nne hivi. Unatoka mji wa Pokhara kwa gari hadi Nayapul, halafu unapanda kwa miguu. Kabla ya kijiji cha Ulleri kuna ngazi za mawe zaidi ya 3,000, zilizopangwa kwa mikono ya wenyeji wenyewe. Hapo magoti yanasema ukweli wa umri wa mtu. Mwongoza njia wetu, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akirudia neno moja tu: "Bistari, bistari." Maana yake ni pole pole. Tulicheka sana, kwa sababu hata ukipanda Mlima Kenya utaambiwa hivyo hivyo. Na si mzaha. Ukishapita mita 2,500 hewa inakuwa nyepesi, na anayekimbilia juu anaweza kuumwa kichwa na kutapika. Dawa ya kwanza ni kupumzika na kutopanda zaidi, na hali ikizidi kuwa mbaya ni kuteremka mara moja. Mwongozaji mzuri anakutazama usoni kila baada ya muda. Haangalii saa tu.

Usiku wa pili tulilala Ghorepani, karibu mita 2,860. Jina hilo maana yake ni maji ya farasi, kwa kuwa wachuuzi wa zamani waliwanywesha wanyama wao hapo. Saa kumi na robo tukagongewa mlango. Tulivaa kila kitu tulichokuwa nacho, maana ulikuwa mwezi wa Novemba na umande ulikuwa umeganda kwenye majani. Kutoka hapo hadi juu ni kama saa moja. Ukitazama nyuma unaona tochi zimefuatana kwenye njia kama siafu waliobeba taa.

Juu kuna uwanja mdogo, mnara wa kutazamia, na mtu anayeuza chai. Tulisimama gizani tukishika vikombe kwa mikono miwili. Halafu, bonde likiwa bado jeusi kabisa, ncha ya mlima Dhaulagiri ikashika rangi. Mlima huo ni mita 8,167, kwa hiyo jua hulifikia paa lake mapema kuliko sisi tuliokuwa chini. Rangi yenyewe ilikuwa kama pera lililoiva likipasuliwa. Kisha ikawa zamu ya Annapurna, na upande wa jua Machapuchare, ambao jina lake ni mkia wa samaki, na kweli umepasuka hivyo. Watu wote walinyamaza, hata wale vijana waliokuwa wakipiga kelele. Dakika ishirini hivi, jua likawa la kila mtu, na watu wakaanza kuulizia mayai.

Tunasema wazi kwamba ni jambo la kupendeza, na mtu hadanganywi anapolilipia. Lakini hebu tuangalie ni nini hasa kinacholipwa.

Huo mlima Machapuchare wenyeji wanauheshimu kama mahali patakatifu. Mwaka 1957 Waingereza wawili walifika kama mita 50 kutoka kileleni wakageuka, na serikali haitoi ruhusa ya kuupanda. Kiongozi wa msafara ule, Jimmy Roberts, ndiye aliyeanzisha mwaka 1964 kampuni ya kwanza ya kutembeza wageni kwa miguu katika Nepal. Mtindo wa siku zile ulikuwa wa mahema. Wapishi, unga na sufuria vilitoka mjini. Msafara ulipita kijijini, ukalala, ukaondoka. Kijiji kilibaki na majivu.

Baadaye wenyeji wakafumbua macho. Mama aliyekuwa na chumba kimoja cha ziada akaweka kitanda na birika. Mwenzake akaona, akaweka vitanda viwili. Kule wanaziita nyumba za chai. Sisi tungesema hoteli. Sasa mgeni hakuhitaji hema, na pesa ikaanza kulala kijijini. Vizuri, si ndiyo? Kumbe tatizo lilikuwa linakuja na kuni mgongoni. Kila mgeni anataka maji ya moto ya kuoga, na chakula tofauti na mwenzake, kwa saa tofauti. Moto hauzimwi. Misitu ya juu ya Ghorepani ina miti ya maua mekundu ambayo ni ua la taifa lao, na miti hiyo ilikuwa ikiingia jikoni. Na kila hoteli ilipunguza bei ili imnyang'anye jirani wageni, mpaka kazi ikawa ya hasara kwa wote.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa kuhifadhi eneo la Annapurna, na kijiji cha kwanza kilikuwa Ghandruk, cha Wagurung. Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu hawakuwafukuza watu ili kulinda msitu. Watu walibaki na mashamba yao na mifugo yao. Mgeni anayeingia analipa ada, na ada hiyo, badala ya kupotelea mji mkuu, mradi unaruhusiwa kuitumia hapo hapo kwa njia, miche, shule na mafunzo. Eneo zima ni kilomita za mraba 7,629, kwa hiyo si jambo la kijiji kimoja.

Wenye hoteli nao wakaunda kamati. Kamati ikapanga bei moja ya chakula kwa kijiji kizima, na kila hoteli ikabandika karatasi hiyo hiyo ukutani. Kitanda ni cha bei ndogo sana, lakini kuna sharti: unapolala ndipo unapokula. Faida iko kwenye wali, dengu na mboga, si kwenye godoro. Hilo lilitushangaza mpaka mweka hazina mmoja wa kule alipotueleza kwamba chakula kinanunuliwa kwa jirani mwenye shamba, lakini godoro halinunuliwi kila siku. Mambo ya kuni pia yakaja kwenye kamati. Njia za juu zaidi wakakataza kuni, watu wakapikia mafuta ya taa na baadaye gesi. Kwingine wakaweka bomba ndani ya jiko ili moto ule ule unaopika uchemshe na maji ya kuoga, au wakapasha maji kwa jua. Ghandruk walijenga mtambo mdogo wa umeme wa maji ya mto.

Na akina mama? Wao walikuwa na kikundi chao, wanakiita aama samuha, yaani kikundi cha mama. Jioni wanawaimbia wageni na kucheza, kisha sahani inapitishwa. Pesa ile haigawanywi. Inatengeneza njia iliyobomolewa na mvua, inanunua miche, inasaidia shule. Katika vijiji vingine vikundi hivyo vimepiga marufuku ulevi na kamari, na tuliambiwa kwamba waume wengine walinung'unika sana. Tunawaachia wenyewe.

Sasa tuje kwa anayetembea mbele na anayebeba. Hapa mambo si mazuri kama kwenye picha.

Mpagazi wa kule anabeba kikapu kwa ukanda unaopita kichwani juu ya paji la uso. Ninyi mama zetu wa miteremko ya Mlima Kenya mnaujua ukanda huo, na mnajua alama unayoacha. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza mzigo una kilo ngapi. Mwaka 1997 lilianzishwa shirika la kutetea wapagazi, baada ya mpagazi mmoja kuugua kwa ajili ya mwinuko na kufa kwa kutoshughulikiwa. Kipimo kinachotajwa siku hizi kwa mizigo ya wageni ni kilo 30, lakini kipimo bila mizani ni maneno. Tuliona vijana wamevaa viatu vya mpira kwenye baridi ile, na usiku wanalala kwenye mabenchi ya chumba cha kulia, wakingoja wageni wamalize soga ndipo walaze mbavu. Anayelipa ana haki ya kuuliza: huyu anayebeba nguo zangu ana koti? Atalala wapi? Na kikundi kinachoajiri kina wajibu wa kuuliza kabla yake.

Kuongoza nako kulikuwa kazi ya wanaume. Mwaka 1994 dada watatu wa ukoo wa Chhetri walianzisha Pokhara kampuni ya wanawake waongoza njia, na mwaka 1999 wakaanzisha shirika la kufundisha wasichana kazi hiyo: lugha, huduma ya kwanza, milima, ndege na miti. Wengi walisema ati mwanamke hawezi kulala safarini na watu asiowajua. Wageni wanawake ndio waliojibu, kwa kuwatafuta. Binti aliyetuongoza sisi alikuwa akiitwa na wenye hoteli "bahini", yaani mdogo wangu wa kike, naye akiwaita "didi", dada mkubwa. Hakuna anayeitwa kwa jina tupu. Tulijisikia nyumbani.

Msidhani mwongozaji ni wa kubeba tochi tu. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliwakuta watu kwenye njia ndefu inayozunguka milima hiyo hiyo, karibu na upenyo wa Thorong La wenye urefu wa mita 5,416. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40, wageni na wenyeji. Poon Hill iko chini sana kuliko hapo, lakini wingu halisomi ramani. Tangu Aprili 2023 serikali imetaka mgeni anayetembea njia hizo awe na mwongozaji mwenye leseni. Wako wanaolalamika kwamba ni gharama. Sisi tunaona kazi ya mwongozaji inajulikana siku anapokataa kupanda, ingawa wageni wamelipa na wamekasirika. Kwa hiyo malipo yake yasitegemee kufika juu.

Jambo la mwisho ni barabara. Siku hizi gari linafika hadi Ulleri, na jingine linakaribia Ghandruk. Mgonjwa anafika hospitalini upesi na gesi ya kupikia imekuwa rahisi kufikishwa. Mwenye akili hawezi kukataa hayo. Lakini mgeni anayepita kwa gari hapandi zile ngazi 3,000, wala hanywi chai kwenye hoteli zilizo chini yake. Mama mmoja wa hapo chini alituonyesha vyumba sita, na sita vyote vilikuwa vitupu mwezi ambao zamani vilijaa. Alikuwa ameanza kupanda mboga za kuuzia hoteli za juu. Alituambia wenye hoteli wa juu wasicheke, barabara haijachoka.

Swali la mama aliyeinua mkono pale nyuma tumelisikia: wageni mia moja wakipanda usiku, wanajisaidia wapi? Ndilo swali zuri kuliko yote ya leo. Kule kuna vyoo vya hoteli, na karatasi na chupa zinakusanywa, lakini si kila mahali, na harufu nyuma ya vichaka haifichiki. Kikundi kinachofikiria kuita wageni kianze kuchimba choo kabla ya kuandika ubao wa karibu.

Chai imeletwa. Baada ya chai tutagawanyika katika makundi manne. Kila kundi litaje njia moja ya kilima kilicho kwao, nani anaifyeka sasa, maji yako wapi, na nani ataamka saa tisa kuwasha moto.