Siku ya Bwana na Dhamiri ya Jirani



Katika vijiji kama Ihanda, Msabato huacha jembe Jumamosi. Sisi Wakatoliki na ndugu zetu Wamoraviani twaitakasa Dominika. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, awataka wanaotofautiana juu ya siku wasihukumiane. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake.

Basi, kibarua wako Msabato usimlazimishe kuchuma kahawa Jumamosi, wala usimnyime kazi ya Jumatatu kwa sababu hiyo. Lakini nawe, mahindi yasikuzuie kwenda Misa Dominika. Anayeheshimu siku ya jirani na kuidharau yake mwenyewe, atamjibu nini Bwana? Amina.