Leseni ya Dereva wa Lori: Mazungumzo kwa Watu wa Kinanie

Wasikilizaji, mtu akisimama kando ya barabara pale Kinanie tangu alfajiri hatakosa kuona malori. Yako yanayochukua mchanga na mawe ya kujengea, yako ya saruji, na yako yenye tela ndefu yanayoelekea Athi River. Nchi hii ya Mavoko, chini ya vilima vya Lukenya, zamani ilijulikana kwa malisho ya ng'ombe. Lakini kiwanda cha saruji kilianza kazi Athi River mwaka 1958, viwanda vingine vikafuata, na hapo Kinanie penyewe Serikali imetenga ekari 500 kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Mahali penye viwanda hapakosi malori, na mahali penye malori hapakosi vijana watamanio kuyaendesha.

Basi na tumfikirie kijana mmoja, awe mfano tu. Ana umri wa miaka 21, naye ni tanboi katika lori la mawe. Amekaa karibu na dereva miaka miwili, amejifunza kubadili gia kwa kutazama, na leseni anayo, ila ni leseni ya motokaa ndogo. Jioni moja dereva anashikwa na homa. Mwenye lori anakuja na ufunguo mkononi. "Kijana, gari hili walijua. Peleka mzigo Mlolongo, si mbali." Kijana anajibu, "Ndiyo, mzee," kwa kuwa amelelewa kuwaheshimu wakubwa, na kwa kuwa amengojea neno hilo siku nyingi.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usafiri wa Barabarani, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 1 Januari, 1954, inasema kwamba mtu asiendeshe gari la aina yo yote ila awe na leseni iliyoandikwa aina hiyo. Leseni ya motokaa ndogo mbele ya lori la mawe ni sawa na kutokuwa na leseni. Tena sheria haimshiki dereva peke yake. Mwenye gari akimruhusu mtu asiye na leseni ipasayo, naye ana hatia. Mzee yule hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Mimi nilikuwa nyumbani nimelala." Na ajali ikitokea, kampuni ya bima nayo itaisoma leseni ile kabla ya kufungua sanduku la fedha.

Kanuni za mwaka 2020, ambazo zasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, zimepanga daraja za malori kama ngazi. Motokaa ndogo, daraja B, huanzia umri wa miaka 18. Lori jepesi, yaani C1, lataka miaka 22, na mtu awe ameendesha daraja B kwa miaka minne. Lori la kadiri, C, ni miaka 24, baada ya miaka miwili ya C1. Lori zito lenye tela, CE, ni miaka 28; na daraja ya juu ya mizigo mizito, CD, ni miaka 30. Kwa hiyo kutoka chini hadi juu ni safari ya miaka 12. Wale wa zamani waliopata leseni iliyoandikwa BCE kwa mtihani mmoja huwacheka vijana wa siku hizi, na vijana nao hunung'unika.

Manung'uniko yao si ya bure. Karo ya shule ya udereva si ndogo kwa mtu wa kibarua, na pengine mzazi ameuza mbuzi kuilipa. Isitoshe, tajiri humtaka dereva aliyekwisha kuendesha, na kijana hawezi kuendesha mpaka apate tajiri. Jambo hili ni gumu, wala haifai kulificha.

Lakini hebu tazameni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori lenye ekseli saba kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Motokaa ndogo haifiki tani mbili. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki hazina budi kuizima huongezeka mara nne. Breki za lori zito hufanya kazi kwa upepo uliobanwa. Dereva akizikanyaga mfululizo mteremkoni hupata joto kali, na zikiisha kupata joto hazishiki. Dereva aliyefundishwa huteremka kwa gia ndogo, akiiacha injini izuie gari. Asiyefundishwa huitoa gia ili abane mafuta, akidhani amefanya akili. Tarehe 30 Juni, 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lenye kontena liliacha njia likawaingilia wachuuzi na abiria kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Neno hili halisemwi ili kumhukumu dereva yule. Lasemwa ili kila mtu ajue uzito unaweza kufanya nini kwa dakika moja.

Mtihani wenyewe wajulikana na wengi. Kuna ubao wenye mji mdogo wa mfano, ambapo mtahiniwa huonyesha njia kwa kigari cha kuchezea. Kuna maswali ya alama za barabarani. Kisha kuna kuendesha barabarani. Watu hukariri ubao kama wimbo, kisha hushindwa na kurudisha lori nyuma. Afadhali mtahiniwa atumie siku zake kujifunza kupima upepo wa breki, kukagua magurudumu, na kurudisha gari nyuma kwa vioo peke yake.

Wengine huuliza habari za magari ya kulala, yaani nyumba za magurudumu wanazotumia wasafiri wa Ulaya, kwa kuwa hayachukui mizigo. Sheria haiulizi kama ndani mna kitanda au mna mawe, huuliza uzito. Uingereza, aliyefaulu mtihani wa motokaa tangu tarehe 1 Januari, 1997 aliwekewa mpaka wa tani 3 na nusu, na aliyetaka kuendesha nyumba nzito kuliko hapo alilazimika kurudi mtihanini.

Turudi kwa tanboi. Yeye amebakisha mwaka mmoja tu kufikia miaka 22. Akiufikia, akiwa pia ametimiza miaka minne ya daraja B, atatafuta leseni ya muda, atajifunza lori jepesi akiwa na mwalimu kando yake na alama ya L mbele na nyuma. Kwa jioni ile, neno lake ni hili: "Mzee, niwie radhi, leseni yangu hairuhusu." Mzee atakasirika. Atapiga simu kutafuta dereva mwingine, na mawe yatafika Mlolongo kesho yake saa tatu asubuhi.