Risasi Ikishatoka, Nani wa Kuuliza?



Januari 2006, hapa Dar es Salaam, nilisoma redioni taarifa fupi ya polisi: majambazi wanne wameuawa Sinza katika kurushiana risasi na askari. Niliisoma kwa sauti ile ile ninayosomea bei ya mahindi, kisha nikaingia habari za michezo. Jioni jirani yangu akanipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyefyatua. "Afadhali, walikuwa wametuzidi," alisema. Nami nikaitikia.

Haukupita muda mrefu, tume iliyoundwa na Rais Kikwete chini ya Jaji Kipenka Mussa ikatueleza mengine. Wale hawakuwa majambazi. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na wa nne dereva wa teksi. Sinza hapakuwa na mapigano yoyote. Walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande, wakauawa huko. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia askari walioshitakiwa. Serikali ikakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya kumi.

Simlaumu askari kwa kushika bunduki. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari kilivamiwa usiku, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Aliyeelekezewa mtutu hana nafasi ya kwenda kufungua kitabu cha sheria. Lakini sisi tulio salama nyumbani tunayo nafasi hiyo, na tuna wajibu wa kuuliza.

La kwanza la kuuliza: je, dakika ile palikuwa na maisha ya mtu hatarini? Swali si kama marehemu alikuwa mwizi. Kanuni za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema kuua kwa makusudi kunaruhusiwa pale tu ambapo haiepukiki kabisa ili kuokoa uhai. Hata jambazi sugu, akishanyoosha mikono, mwenye haki ya kumhukumu ni hakimu.

La pili: je, njia nyingine ilikuwapo? Alionywa? Angeweza kuzingirwa? Mtu aliyekwisha kufungwa pingu hana tena mapigano ya kurushiana.

La tatu: ushahidi unasemaje? Jeraha lina mdomo. Daktari anaweza kutambua kama risasi ilitoka mbali au mtutu ulikuwa umegusa ngozi, kama iliingilia kifuani au kisogoni. Maganda ya risasi hubaki pale zilipofyatuliwa. Kama watu wanne wamekufa kwa kurushiana risasi, silaha zao ziko wapi, na nani alishuhudia?

La nne, na ndilo zito: nani anachunguza? Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2011 kuunda mamlaka huru ya kuchunguza vitendo vya polisi. Haijamaliza malalamiko, lakini mjane anajua mlango wa kugonga usiokuwa wa kituo kile kile kilichomfanya mjane. Wale wa Mahenge walipata tume ya jaji kwa sababu ndugu zao walipiga kelele. Je, yule asiye na ndugu wa kupiga kelele?

Nanyi wasikilizaji, nasi watangazaji, tunalo letu. Polisi akisema "jambazi", hilo ni dai la upande mmoja, na upande wa pili umelala mochwari. Siku hizi nikiletewa taarifa kama ile, nasoma "watu wanaodaiwa kuwa majambazi". Ni maneno matatu tu ya kuongeza. Mwaka 2006 sikuyaongeza, na wale wanne walizikwa huku sauti yangu imekwisha kuwahukumu.

Tukutane wiki ijayo.