Simu, daktari na moyo mzito: utafiti wa karibuni unasema nini

(Hotuba iliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya afya ya wananchi, eneo la Kwanza)



Habari za akili unde sasa zimefika hadi kwenye foleni ya kusaga mahindi. Kijana anaiuliza simu kwa nini kichwa kinamgonga, nayo inamjibu papo hapo, tena kwa Kiswahili. Mkulima ambaye hapati usingizi tangu deni la mbolea limlemee anaiandikia simu usiku mambo ambayo hajamwambia hata mkewe. Watu wanauliza, na wana haki ya kuuliza: je, chombo hiki kinaweza kutibu? Watafiti wameanza kujibu, na baadhi ya majibu mazito zaidi yametoka hapa nchini.

Julai 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, ukihusu ziara 39,849 za wagonjwa. Hizi si hospitali kubwa. Ni kliniki za mtaani ambako mtu huenda na homa, kikohozi au mtoto anayeharisha, na anayemhudumia mara nyingi ni afisa wa kliniki. Penda ilishirikiana na OpenAI ya Marekani kuweka akili unde ndani ya mfumo ambao wahudumu hao huutumia kuandika rekodi za wagonjwa. Mgonjwa hakuzungumza na mashine hata kidogo. Afisa aliendelea na kazi yake, naye akiandika dalili, vipimo na dawa, mashine ilikuwa inasoma kimyakimya na kutoa rangi. Kijani, hakuna tatizo. Manjano, kuna jambo la kuangalia ukipenda. Nyekundu, simama usome onyo hili kabla ya kuendelea. Hata hapo, uamuzi ulibaki kwa afisa.

Nusu ya wahudumu walipewa chombo hiki na nusu hawakupewa. Kisha madaktari 108 wasiohusika na kliniki hizo wakapitia sampuli ya rekodi wakitafuta makosa. Waliokuwa na chombo walifanya makosa ya kutambua ugonjwa machache kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu machache kwa asilimia 13. Hapo watu huteleza katika kusoma hesabu. Haina maana kwamba wagonjwa 16 kati ya 100 waliokolewa. Maana yake ni kwamba mahali ambapo makosa yangekuwa 100, yalihesabiwa 84. Si haba. Lakini 84 bado ni mengi.

Sehemu ya utafiti huo ambayo haikutangazwa sana ndiyo inayofaa kusikilizwa zaidi hapa. Mwanzoni, chombo kilipowekwa tu na watu kuachwa nacho, wahudumu walikuwa wakiyapita maonyo mekundu bila kubadilisha chochote, karibu sawa na wenzao ambao hawakuwa nacho. Mambo yaligeuka pale kliniki zilipochagua wahudumu wa kuwaelekeza wenzao, zikapima nani anafuata maonyo na nani hafuati, na wasimamizi wakawa wanazungumza na kila mmoja. Ndipo ziara zilizomalizika zikiwa bado na onyo jekundu zikashuka hadi kama asilimia 20, huku upande wa pili zikibaki kama asilimia 40. Mashine ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni watu wa kufuatilia.

Yapo mengine mawili ya kusemwa wazi. Wagonjwa walipopigiwa simu baadaye, asilimia 3.8 ya waliohudumiwa kwa msaada wa chombo walisema hawajapata nafuu, dhidi ya asilimia 4.3 ya wale wengine. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walisema huenda ni ya bahati tu. Pili, kampuni iliyotengeneza mashine ilishiriki katika kuipima. Hilo halifanyi matokeo kuwa uongo, ila muuza ng'ombe akimsifu ng'ombe wake, mnunuzi hungoja kusikia na maneno ya jirani. Tena ule ulikuwa mji wenye umeme na intaneti. Zahanati ambayo stima hupotea mvua ikinyesha haiwezi kutegemea chombo hicho peke yake.

Malaria ina kipimo cha damu. Shinikizo la damu lina mashine ya kufunga mkononi. Moyo ukiwa mzito, hakuna kinachoonekana kwenye darubini. Ugonjwa ambao madaktari huuita unyogovu hutambuliwa kwa kuuliza na kusikiliza. Orodha ya maswali inayotumika sana duniani ina maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Usingizi unakosekana au umezidi? Umechoka bila sababu? Chakula hakipiti, au unakula kupita kiasi? Unajiona umeshindwa na kuwaangusha jamaa zako? Akili haitulii kwenye kazi? Mwendo na maneno yamekuwa mazito, au hutulii hata kidogo? Umewaza kwamba afadhali ungekufa? Mtu mmoja akiwa na moja kwa siku chache, hayo ni maisha; mavuno yakiwa mabaya nani hatahuzunika? Yakiwa mengi, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, huo ni ugonjwa wenye tiba.

Tiba hiyo si lazima ingoje daktari wa akili, ambao ni wachache mno nchini. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na ukimwi. Watafiti hawakwenda na neno la kigeni. Waliuliza wanakijiji wanaitaje hali hiyo, wakaambiwa kuna kujichukia na kuna kujihurumia, kila moja ikiwa na jina lake kwa Kiganda. Wakatumia hayo. Wenyeji wa kawaida, waliofundishwa kwa wiki mbili, waliongoza vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Watu walizungumzia msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa unyogovu. Baadaye walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka pia, kwa maana wengine hupona wenyewe, lakini iliishia asilimia 54.7.

Kenya nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo kutoka mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, ambako wahudumu wa afya wa jamii walikutana mara tano na wanawake waliowahi kupitia ukatili wa kijinsia, wakiwafundisha njia za kukabili shida na kutuliza mwili. Wanawake 421 walishiriki, na waliopata vikao hivyo walikuwa na dhiki ya moyo pungufu miezi mitatu baadaye. Mwaka 2021 ukafuata utafiti wa mpango wa Shamiri, ulioongozwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake. Wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za unyogovu au wasiwasi waligawanywa: kundi moja likafundishwa mbinu za kusoma, jingine likawa na vikao vinne vya saa moja moja juu ya kukua, kushukuru na kutambua mtu anathamini nini maishani. Waliowaongoza walikuwa vijana waliomaliza shule juzi tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la Shamiri lilipata zaidi. Mzazi wa Kwanza anayedhani mtoto wa kidato cha tatu "ana kiburi tu" afikirie habari hiyo mara mbili.

Kaunti ya Makueni, Profesa David Ndetei na watafiti wa shirika lake waliwafundisha hata waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua unyogovu na kuwaelekeza watu kituo cha afya. Wapo watakaokunja uso wakisikia waganga. Lakini mgonjwa huanzia kwa anayemwamini, na aliyeamua kumsaidia lazima amkute hapo hapo.

Trans Nzoia yenyewe si mgeni wa utafiti wa namna hii. Kuanzia mwishoni mwa 2017, mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret ulijaribu hapa vyama vya kina mama wajawazito vinavyoongozwa na wahudumu wa afya wa vijijini, ambako masomo ya afya yalikwenda pamoja na kuweka akiba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kina mama wa vyama walijifungulia hospitalini kwa wingi kuliko waliobaki nje. Kina mama walioketi kwenye vyama hivyo wanajua kwamba mazungumzo ya pale hayakuishia kwenye kliniki na pesa. Ni katika kikao kama hicho ambapo mwenye moyo mzito huanza kusema.

Basi na simu? Machi 2025 watafiti wa Dartmouth huko Marekani walitoa matokeo ya programu ya mazungumzo iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya tiba ya akili. Watu wazima 210 walishiriki, na miongoni mwa wenye unyogovu waliopewa programu, dalili zilipungua kwa wastani wa asilimia 51. Ni matokeo ya kutia moyo. Ila programu hiyo iliandaliwa kwa miaka, na mazungumzo yake yalifuatiliwa na wataalamu waliokuwa tayari kuingilia mtu akiwa hatarini. Programu ya bure iliyo kwenye simu ya kijana sokoni Kitale haina mtu huyo. Mwenye kuandika saa nane za usiku kwamba amechoka kuishi anahitaji mtu wa kufika mlangoni, na simu haina miguu.

Kuna pia jambo la siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Lakini sheria haiwezi kumzuia shemeji kushika simu iliyoachwa mezani. Nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu watatu. Anayeamua kuuliza mashine kuhusu ugonjwa wake asiandike jina, nambari ya kitambulisho wala jina la kijiji, na asibadilishe dawa aliyopewa hospitalini kwa sababu simu imesema. Inafaa zaidi kwa maswali ya kujiandaa: nimwulize daktari nini, dawa hii huliwa kabla ya chakula au baada?

Wapo walionyamaza kwa miaka kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka enzi za ukoloni, kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia zikaficha wagonjwa, zikasema ameanguka, zikasema ni sumu ya panya iliyochanganywa na unga kwa bahati mbaya. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu aliyefikia hatua hiyo ni mgonjwa. Apelekwe hospitalini, tena haraka, na aliyempeleka aeleze ukweli wote ili daktari ajue aanzie wapi.

Mlango wa kwanza uko karibu. Wahudumu wa afya wa vijijini, wale waliopewa mikoba na simu za kazi mwaka 2023, kila mmoja huhudumia takriban nyumba 100. Anapopita kupima shinikizo la damu, aambiwe pia kuhusu baba ambaye hatoki kitandani ilhali shamba limejaa magugu, au mama aliyejifungua juzi na hamtazami mtoto. Akiona ni zaidi ya uwezo wake, atamwelekeza mtu kwenye zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Wamalwa Kijana mjini Kitale ikihitajika. Wanaoishi upande wa Bungoma na kulima Kwanza wanaweza kuanzia kituo chochote kilicho karibu.

Kwa dharura ya mawazo ya kujiua, mgonjwa asiachwe peke yake, na dawa za mifugo na za kunyunyizia mahindi ziondolewe mahali anapoweza kuzifikia. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na anayepokea ni mtu.