Kuhamisha Madaftari ya Kikundi

(Maneno tuliyozungumza na vikundi vya Dunga, Kisumu)

Leo tuongee juu ya jambo lililotutoa jasho.

Ziwa lilipopanda mwaka 2020, madaftari ya kikundi kimoja cha akina mama wauza samaki yalilowa. Tukapiga picha kurasa zilizosomeka, tukaziweka katika programu ya Evernote kwenye kompyuta yetu kuukuu. Madaftari yalikuwa matatu: akiba, mikopo na faini. Tuliyaacha ndani ya kompyuta tu, yasiende kwenye intaneti, maana bando ni pesa.

Mwaka 2022 tulipata kompyuta nyingine yenye toleo la 10. Toleo hilo, lililotoka 2020, halina madaftari ya kukaa kwenye kompyuta peke yake. Basi tukatoa kila kitu katika faili moja, tukaingiza upande wa pili. Lo! Kurasa zote zilikuwemo, lakini zimechanganyika kama omena kwenye chandarua. Faili ile, inayoishia na .enex, hubeba maandishi, picha na tarehe. Jina la daftari haibebi.

Sasa ukurasa ukisema "500, Jumanne", hiyo ni akiba au ni deni? Mama mmoja aliyekwisha kulipa akaonekana bado anadaiwa. Maneno yakaanza sokoni, na wengine wakataka kutoa pesa zao. Kosa lilikuwa letu, tukamwomba radhi mbele ya wenzake.

Bahati, kompyuta ya zamani hatukuwa tumeifuta. Tukarudi tukatoa daftari moja moja, kila faili na jina lake: akiba, mikopo, faini. Tukaingiza moja, tukahesabu kurasa pande zote mbili, ndipo tukashika la pili. Mweka hazina alisoma kwa sauti, mama yule akisikiliza. Deni lake lilikuwa sifuri.

Wenye simu pekee, jueni kwamba kutoa faili hizi hufanyika kwenye kompyuta. Na tangu Desemba 2023 wasiolipia Evernote waliwekewa kikomo cha kurasa 50 na daftari moja, kwa hiyo hesabuni kabla ya kuingiza. Joplin ni programu ya bure, nayo husoma faili hizo hizo.

Kompyuta kuukuu tuliifuta baada ya mkutano wa mwaka, wanachama wote walipokubali hesabu. Daftari jipya la karatasi liko kwa mweka hazina, ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati.